Mwanamkuu binti Abbasi, Mchonga Herufi wa Gongoni

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Darwesh Abbasi, nyumbani Gongoni, Tabora, Alhamisi tarehe 15 Machi 1979, kabla ya jeneza kutoka.

Bi Mwanamkuu, tunayemsindikiza alasiri hii, alizaliwa Ijumaa tarehe 8 Juni 1934 katika nyumba hii hii, chumba cha mkono wa kulia ukiingia. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Abbasi Selemani, fundi wa milango ya nakshi, na Bi Mwanajuma. Babu yake, Mzee Selemani, alipanda bara na misafara akiwa seremala wa kuunga masanduku yaliyovunjika njiani. Alipofika Tabora aliambiwa apumzike kidogo kabla ya kuendelea na safari ya Ujiji. Akapumzika hadi akaoa, akajenga, akazikwa. Ukoo huu haukuwa na ng'ombe wala mashamba ya kugawana. Urithi wake ulikuwa patasi, na kwa kuwa mtoto wa kiume wa nyumba, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, alichukia vumbi la mbao tangu utotoni, patasi zilikwenda kwa dada yake.

Alisoma Kurani chuoni hapa Gongoni, akahitimu angali mdogo, kisha akasoma shule ya wasichana mpaka Darasa la Nne, mwaka 1947. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Alijulikana kwa mwandiko wake, uliolalia mbele kupita kiasi, kila neno kama linataka kuanguka kifudifudi. Siku moja mwalimu wake, aliyekwisha choka kumsahihisha, aliinua daftari lake mbele ya wenzake akauliza, "Mwanamkuu, haya maandishi yako yanakimbilia wapi?"

Akajibu kwa adabu, "Yanawahi nyumbani, mwalimu. Jua limekuwa kali."

Darasa zima lilicheka, na mwalimu akacheka, lakini akamwamuru aandike upya. Aliandika upya. Yakalala vilevile.

Mama yetu alifariki mwaka 1950, na kuanzia hapo Mwanamkuu alikuwa mpishi wa nyumba, mlezi wa mdogo wake na, kidogo kidogo, macho ya baba. Mzee Abbasi alianza kuota mtoto wa jicho. Kwanza alimpa binti yake kazi ya kupiga msasa, halafu kuchora ua kwa penseli, halafu kulichonga. Majirani waliona wakaja kumuonya. "Abbasi, msichana anashinda barazani na patasi mkononi. Nani atamwoa?"

"Atakayemwoa atapata na mlango," Mzee alijibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1961, Bwana Humaidi Ghalibu, ambaye yuko nasi hapa leo, alifika barazani na shida yake. Alikuwa amefungua kiwanda kidogo cha chapa nyuma ya duka la baba yake. Uhuru ulikuwa mlangoni, na mji mzima ulitaka matangazo: ya gwaride, ya ngoma, ya mpira, ya maulidi. Herufi zake kubwa zilikuwa zimeagizwa kutoka nje, za kupangia maneno mafupi ya Kiingereza. Zilikuwa pana, zimetanua miguu. Akipanga neno "TUNASHEREHEKEA", karatasi iliisha kabla ya neno.

"Mzee Abbasi, nichongee herufi za mti," alisema. "Ziwe na mistari minene, mtu azisome akiwa ng'ambo ya barabara. Lakini umbo liwe jembamba, zibanane kama abiria wa daraja la tatu."

Mzee alicheka. "Bwana Humaidi, mimi siku hizi siioni hata sahani yangu. Mwambie huyo." Akamwelekeza kwa binti yake.

Mwanamkuu alichonga kwa mninga mkavu. Aliziacha herufi zake wazi, bila vikucha vile ambavyo herufi za vitabuni huwa navyo miguuni, kwa sababu vikucha vilikula nafasi. Akazirefusha, akazinenepesha, akazibana mbavu. Na kwa kuwa mkono wake ulikuwa na tabia yake, zote zikainama mbele kama watu wanaopanda mlima.

Herufi ya chapa huchongwa kinyume, ili karatasini itoke sawa. Hilo alilijua. Herufi R aliikumbuka kuigeuza, mlalo akausahau. Bwana Humaidi alipoinua karatasi ya kwanza ya majaribio, neno UHURU lilikuwa limeinamia nyuma, kama mtu aliyesukumwa kifuani.

"Binti Abbasi!" alipiga kelele. "Uhuru huu mbona unarudi kwa mkoloni?"

Mwanamkuu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akavifunga vile vipande kwenye kanga, akarudi navyo nyumbani, akaanza upya. Tatizo jingine lilikuwa herufi A. Kila alipodhani zimetosha, Bwana Humaidi alituma ujumbe kwamba zimekwisha. "Lugha yetu hii," Mwanamkuu alikuwa akisema, "inakula A kama mchwa anavyokula boriti." Wiki ya kwanza ya Desemba matangazo yalikuwa yamebandikwa kutoka stesheni hadi sokoni, na waliokuwapo wanakumbuka jinsi maneno yale yalivyoonekana kama yenyewe yako kwenye gwaride. Vijana wa mjini wakaziita herufi zile "mchakamchaka", na jina hilo halikubanduka tena. Jina la marehemu lililo juu ya karatasi mliyoshika limepangwa kwa herufi hizo.

Bwana Humaidi alimwajiri. Kwa miaka mingi yeye peke yake ndiye aliyekuwa mwanamke katika kiwanda kile, akichonga herufi mpya na kutengeneza zilizolika. Ilipofika Azimio la Arusha, mchakamchaka zilipata kazi kuliko wakati wowote. UHURU NA KAZI. SIASA NI KILIMO. MTU NI AFYA. Zilikwenda Nzega, zikaenda Urambo na Sikonge, zikabandikwa kwenye maghala, zahanati na milango ya shule. Mwanamkuu alizifurahia. Akiwa safarini alishuka kwenye basi kila lilipopumzika ili aone kama kuna tangazo lake ukutani, na akilikuta limekaa upande alilibandua na kulinyoosha.

Tarehe 12 Agosti 1962, siku ya Jumapili, aliolewa na Bwana Luhende, fundi wa karakana ya reli, mzaliwa wa Ziba. Mlango ambao Mzee Abbasi aliuahidi ulikuwepo kweli, na ndio huu tutakaoutolea jeneza. Mzee alifariki mwaka 1965. Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto wawili: Masika, aliyezaliwa mvua zikinyesha mwaka 1964, na Abbasi, aliyezaliwa mwaka 1967.

Baada ya harusi Luhende alimpeleka Ziba kumwona mama yake, Bi Kashindye, mjane aliyelima mtama, mahindi na pamba na kuchunga ng'ombe wachache. Mwanamkuu alipiga magoti na kusalimia kwa Kinyamwezi alichofundishwa garini, "Mwangaluka, mayu." Alikitamka vibaya. Bi Kashindye alisogea karibu. Alimshika mikono, akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye sugu za patasi.

"Luhende," alimwambia mwanawe, "mbona uliniandikia kwamba unaoa mtu wa mjini? Huyu ni mkulima."

Tangu siku hiyo walipendana. Luhende mwenyewe hulalamika kwamba mama yake akija Tabora alikuwa akimuuliza habari za mkewe kwanza. Bi Kashindye hakujua kusoma, lakini alipenda kukaa kiwandani akitazama mkamwana wake anavyochonga, na alizijua herufi zile kwa umbo, kama mtu anavyowajua ng'ombe wake kwa mbali. Popote alipoziona aliwaambia watu, "Hizo ni za mkamwana wangu."

Sasa tumefika mwaka 1974, na familia imekubaliana kwamba habari hii isemwe, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuificha.

Mwezi wa Agosti kiwanda kilipokea kazi ya matangazo ya kuhamia vijijini. Maneno makubwa yalikuwa HAMIENI KIJIJI KIPYA MARA MOJA. Mwanamkuu alichonga herufi I nyingine ili zitoshe. Chini palikuwa na maandishi madogo, na sehemu iliyoachwa wazi ili majina ya vitongoji na tarehe ya mwisho yajazwe huko huko kwa mkono. Hakuna kiwandani aliyejua ni vitongoji gani. Matangazo yalifungwa mafungu mafungu, yakapakiwa kwenye lori, yakaondoka.

Mwishoni mwa Septemba Luhende alipata habari kwa dereva wa lori kwamba kitongoji cha kwao kimehamishwa. Wakaenda wote wawili. Walikuta nyumba imeezuliwa, kuta zimebaki kama meno ya mzee. Bi Kashindye walimkuta mwendo wa asubuhi nzima kutoka hapo, kwenye uwanja wa kijiji kipya, amekaa chini ya kibanda cha mabua ya mtama. Alifurahi kuwaona. Aliomba radhi kwamba hana cha kuwapikia.

"Chakula kiko wapi, mama?" Luhende aliuliza. "Mwaka huu si mlivuna?"

"Kimebaki ghalani kule. Lori lilikuja siku moja tu. Tulipanda na mikeka."

Jirani yao wa zamani, Bi Apolinaria, alikuwa akisikiliza kutoka kibanda cha pili. Aliingilia. "Wa vitongoji vingine walisomewa tangazo, wakahamisha nafaka mapema. Sisi tulikaa. Mwulizeni mama yenu kwa nini."

Bi Kashindye alimtazama mkamwana wake kwa aibu, kama mtoto aliyevunja chungu. "Niliziona herufi zako zimebandikwa kwenye ghala la pamba," alisema. "Watu walikuwa na wasiwasi. Nikawaambia, tulieni, hizo ni za mkamwana wangu. Haziwezi kuleta neno baya."

"Mama, kwa nini hukutafuta mtu akusomee?" Luhende aliuliza.

"Nisomewe nini, mwanangu? Mkono ulioziandika naujua."

Luhende anaeleza kwamba Mwanamkuu alitoka kibandani, akasimama juani, na aliporudi uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. Walipoifuata ile nafaka walikuta ng'ombe na mchwa wameimaliza.

Hapa si mahali pa kuhukumu mambo ya nchi. Kijiji kile baadaye kilipata shule na kisima, na hilo nalo lisemwe. Lakini mvua za Novemba ziliwakuta wengi chini ya mabua. Bi Kashindye aliombwa aje Tabora akakataa. Alisema hawezi kwenda mbali zaidi na kaburi la mumewe. Alishikwa na kichomi, akafariki Jumapili tarehe 29 Desemba 1974, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Mwanamkuu, aliyekuwa amefika siku mbili kabla. Maneno yake ya mwisho yalikuwa ya kumtuma Luhende akafunge ndama ambaye hakuwa naye tena.

Baada ya matanga Mwanamkuu aliziweka patasi zake juu ya kabati. Bwana Humaidi alikuja kumbembeleza akiwa amekaa kwenye kiti hicho hicho alichokalia leo. "Binti Abbasi, herufi haina kosa. Wewe hukutunga yale maneno."

"Najua haina kosa," Mwanamkuu alimjibu. "Lakini mimi niliipa uso mzuri, Bwana Humaidi. Mama aliuamini ule uso kuliko alivyowaamini watu."

Hakuchonga tena. Aliomba jambo moja tu kiwandani, nalo ni herufi za mti zilizochakaa, ambazo zisingeweza kuchapa. Bwana Humaidi alimpa. Mwaka 1975, kisomo cha watu wazima kilipokuwa kikihimizwa kila mahali, alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kile kipya, akaomba awafundishe wanawake. Alikubaliwa. Kila mwezi alipanda lori la kwenda Ziba na kikapu cha herufi, akakaa huko wiki nzima, kisha akarudi kwa watoto wake. Luhende aliulizwa na watu mume gani anamruhusu mkewe hivyo. Jibu lake tunalijua, na halisomeki mbele ya mashehe.

Siku ya kwanza alifika na lile tangazo la Agosti. Alilibandika ukutani, akawaambia wanawake waliokuja, "Hili ndilo tutakaloanza nalo. Tutalisoma neno kwa neno, mpaka kwenye maandishi madogo." Akawasimulia mbele yao alivyochonga herufi zile, na Bi Kashindye alivyoziamini. Baadhi walilia. Bi Apolinaria alikuwa amesimama mlangoni, hakuingia.

"Herufi zako zilinipokonya mahindi yangu," alisema.

"Kweli, dada yangu."

"Na sasa umezirudisha kwenye kikapu."

"Nimezirudisha mzishike kwa mikono yenu. Ukiijua herufi, haikudanganyi kwa sura."

Bi Apolinaria aligeuka akaenda zake. Mwanamkuu hakumfuata wala hakumtuma mtu. Kila alipokwenda kijijini alipitia kwake akamsalimia, akajibiwa kwa mkato, akapita. Baada ya mavuno ya mwaka uliofuata, Bi Apolinaria aliingia darasani, akakaa nyuma kabisa na mjukuu mapajani. Mwanamkuu alimpa herufi A. Wanawake wale walijifunza kwa kuzipapasa herufi hizo na kuzigandamiza kwenye udongo mbichi. Kwa kuwa zimechongwa kinyume, kwenye udongo zilitoka sawa, na kila mara mtu alipoinua kipande akaona neno limekaa chini yake, darasa lilipiga vigelegele.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1977. Vumbi la mninga la miaka ile yote lilikuwa limepata pa kukaa. Aliendelea kwenda Ziba mpaka Juni 1978, alipozimia njiani pale Nzega akarudishwa nyumbani kwa gari la watu wema. Mwezi wa Januari mwaka huu alilazwa hospitali ya mkoa. Masika alikuwa shuleni, Luhende kazini, na aliyefunga kanga yake akaja kutoka Ziba kumuuguza alikuwa Bi Apolinaria. Alilala chini ya kitanda chake. Alimuosha, akamlisha uji, na mchana alimsomea chochote kilichopatikana, kipande cha gazeti au maandishi ya chupa ya dawa, silabi kwa silabi, naye mgonjwa akimsahihisha kwa macho kwa sababu sauti ilikuwa imekwisha.

Wiki mbili zilizopita Bi Apolinaria alimsimulia jambo ambalo kijiji hakikuwa kimemwandikia. Mwaka jana tangazo lilibandikwa kwenye ofisi ya kijiji kwamba mashamba ya kando ya mto, wanakolima wanawake, yatageuzwa kuwa malisho. Hakuna aliyeitisha mkutano. Wanawake walilikuta asubuhi wakienda kisimani, wakaweka ndoo chini, wakalisoma. Siku ya kikao cha kawaida cha kijiji walikuja wote, na Bi Apolinaria alisimama akalisoma tangazo lile kwa sauti mbele ya wazee, kisha akauliza maswali. Kikao kilikwisha jua likitua. Mashamba yalibaki kuwa mashamba, na mwaka huu yameota mahindi.

Mwanamkuu alisikiliza mpaka mwisho. Akamvuta karibu, akamnong'oneza, "Mlisoma mpaka chini?"

"Mpaka jina la aliyetia sahihi, mwalimu."

Masika, aliyekuwa amefika na chakula, anasema mama yake alifumba macho akatabasamu, na hakuwa ametabasamu namna ile tangu bibi yao afariki. Alifariki jana, Jumatano tarehe 14 Machi 1979, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne. Hakika sisi sote ni wa Mola wetu, na kwake tunarejea.

Marehemu aliomba kwamba majina ya anaowaacha yasisomwe na mdogo wake, bali na Bi Apolinaria wa Ziba. Kwa hiyo msomaji wa kwanza anakaa, na yeye anasimama.

Anamwacha mumewe, Luhende. Anawaacha wanawe, Masika na Abbasi. Anamwacha mdogo wake, Darwesh, mkewe na watoto wao. Anawaacha jamaa wa Gongoni na Ziba, na Bwana Humaidi Ghalibu na wafanyakazi wenzake. Anatuacha sisi, wanafunzi wake.

Ewe Mola, mpe Mwanamkuu pumziko la amani, maana hapa duniani mikono yake haikuzoea kupumzika.